Fundi Anajibu: Tanki Tupu Huelea

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Kigogo, Dar es Salaam, nyumba ya tofali ya vyumba vitatu, paa la bati mita 8 kwa 9. Masika maji huingia mpaka sebuleni, na alama iliyobaki ukutani ni sentimita 45. Kiangazi nanunua maji kwa ndoo. Mume wangu anataka tuchimbe tanki la ardhini uani tuvune mvua, anasema litameza mafuriko. Ni kweli? – Mama wa watoto watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwombe baba watoto aweke sururu chini kwanza. Hapo mlipo ni jirani na Mto Msimbazi. Masika ukichimba futi chache tu, shimo linaanza kutoa maji lenyewe. Tanki la ardhini mahali kama hapo huingiliwa na maji ya mafuriko, na unajua mvua ikikolea kuna watu hutapisha vyoo. Mtakuwa mnahifadhi kipindupindu.

Mto hamtaumeza. Maji yake yanashuka tangu vilima vya Pugu, na tanki la nyumbani halina ubavu nayo. Lakini kuna maji ambayo ni ya kwenu kabisa, yale ya bati. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lenu ni mita za mraba 72, kwa hiyo mvua ya milimita 40 inawamwagia lita 2,880. Hizo ni ndoo 144 za lita 20, zinaangukia ukutani kwenu, zinalowesha msingi na kujaza shimo la choo hata kabla mto haujafika. Hayo ndiyo mnayoyaweza.

Anzeni na upande mmoja wa paa. Fungeni gata, ule mfereji wa kupokea maji ukingoni mwa paa, lishuke kama sentimita 1 kila mita kuelekea bomba, na wekeni tanki la plastiki la lita 1,000. Jukwaa lake liwe la tofali, ndani kifusi, juu zege, kimo sentimita 70 au zaidi. Usiishie kwenye 45 kwa sababu ndiyo alama uliyoiona. Mafuriko yajayo yanaweza kuipita.

Hapa nikueleze lililonikuta. Desemba 2011, katika mvua ile iliyoua watu zaidi ya 40 jijini, tanki langu lilikuwa limekaa chini kabisa, tena tupu. Maji yalipofika magotini likainuka, likang'oa bomba, likawa linagonga mlango wa jikoni. Gizani nilidhani ni mtu anaomba msaada. Nilifungua kumwokoa, na maji yote ya uani yakaingia ndani tulikolaza watoto. Tulinusurika, lakini mlio ule bado naukumbuka kila nikipanga tofali za jukwaa la mtu.

Tanki haliwezi kuelea iwapo maji ya ndani yana kimo sawa na ya nje, au zaidi. Kwa hiyo acha theluthi ya chini ikae na maji siku zote za masika, na ulifunge kwa kamba imara kwenye ndoano zilizozamishwa ndani ya zege.

Lakini usiliache limejaa pia. Wengi wanakosea hapa: wanafurahia tanki pomoni, mvua ya pili inakuja, maji yote yanamwagika palepale ukutani. Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza mvua kubwa, fungua koki mapema, jaza madumu, fua, gawia majirani, ubakize ile theluthi. Bomba la kumwagia ziada liwe na unene sawa na lile linaloingiza, liende mtaroni. Lisielekee chooni wala kwa jirani. Mdomo wake uvalishe wavu wa mbu, maana mbu wa dengi hupenda maji yaliyotulia kama hayo, na homa hiyo ilitusumbua Dar 2014 na 2019.

Kuhusu usafi, kile kiwiko, yaani kona ya bomba inayoingiza maji juu ya tanki, usikipake gundi, ili uweze kukigeuza kwa mkono. Mvua ikianza kigeuze nje, vumbi na kinyesi cha ndege vitoke kwanza. Bati likishaoshwa vizuri, kirudishe kwenye tanki. Maji hayo ni ya kufulia, kuogea na kudekia. Ya kunywa yachemshe. Na mafuriko yakifika kwenye koki, usiyaonje kabisa mpaka umelimwaga tanki lote na kulisugua kwa klorini.

Upande wa pili wa paa mtaufunga vuli, fedha ikipatikana. Kwa sasa, hata kabla ya kununua tanki, pelekeni gata moja kwa moja mtaroni. Ukuta wenu utaanza kukauka masika hayahaya.