Chaja inawaka, asilimia zinashuka

SWALI: Chaja ya kompyuta yangu mpakato imekufa. Ilikuwa imeandikwa 19.5V, 3.34A. Sasa natumia ya USB-C ya wati 45. Alama ya kuchaji inaonekana, lakini nikihariri video asilimia zinashuka. Je, betri (11.4V, 4,200 mAh) imechoka?

JIBU: Usiilaumu betri kwanza. Zidisha volti kwa ampea za chaja ya zamani: 19.5 × 3.34 ni wati 65. Uliyo nayo inatoa 45. Kuhariri video kunaweza kula zaidi ya hapo, na kinachopungua huchotwa kwenye betri huku alama ya kuchaji ikiendelea kuwaka.

Betri yako (4,200 mAh ni ampea-saa 4.2) hubeba 11.4 × 4.2, yaani karibu wati-saa 48. Hata kompyuta ikiwa imezimwa, wati 45 hazitaijaza kwa saa moja na dakika chache. Umeme kiasi hupotea kama joto, na betri inapokaribia kujaa, mkondo hupunguzwa makusudi ili kulinda seli. Asilimia 20 za mwisho ndizo huchosha kusubiri.

Tafuta chaja ya USB-C Power Delivery (mfumo ambao chaja na kompyuta hukubaliana volti) ya wati 65 au zaidi, yenye 20V kwenye orodha yake ya volti. Ya wati 100 haitaiunguza kompyuta, kwa sababu kompyuta ndiyo huamua ichukue kiasi gani. Wengi hukwama kwenye waya: ule wa kawaida hupitisha ampea 3, na kwa volti 20 hizo ni wati 60 tu. Kama waya unachomoka kwenye chaja, chukua wa ampea 5.

Ukirudia chaja ya pini ya duara, volti, ukubwa wa pini na mpangilio wa chanya na hasi lazima vilingane na ya zamani. Ampea zikizidi si neno, zisipungue.

Kisha pima betri. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili litakalotajwa hapo. Linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake wa sasa ikijaa). Ya kwanza ikiwa 47,880 mWh (elfu moja ni wati-saa moja) na ya pili 28,700, imebaki asilimia 60, na hapo kuibadilisha kuna maana. Ukiona kifuniko cha chini kimetuna au padi ya kugusa (touchpad) imeinuka, usingoje vipimo: chomoa chaja, zima kompyuta, betri itolewe na fundi.