Kifua cha dawa na kifua cha kisu

SWALI: Nilisoma kichwa cha habari: “Madaktari bingwa wa kifua wabadilishana uzoefu wa kupasua kifua kwa tundu moja.” Ndani nikakuta mgeni mmoja ndiye aliyefanya kazi, wenyeji wakitazama kwenye skrini. Mwenzangu ofisini anadai bingwa wa kifua ni wa kutibu TB, hashiki kisu. Tena anasema uzoefu haubadilishwi kama viatu. Mimi naona anatafuta makosa tu. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: La kwanza amelipata. La pili ameliona kosa, ila sababu aliyoitoa siyo.

Neno kifua lina wapangaji wengi, ndugu yangu. Ukiingia duka la dawa ukasema “nipe dawa ya kifua”, muuzaji hakuulizi habari za mbavu. Anakushushia chupa ya dawa ya kikohozi. Mtoto “ana kifua” akikohoa usiku kucha. Mtu mzima “hana kifua” akishindwa kutunza siri. Kifua kikuu ndicho hicho cha mwenzako. Kwa hiyo sikio la Mswahili likisikia “daktari wa kifua” linakwenda moja kwa moja kwenye pumu na kipimo cha makohozi. Anayeingia ndani ya mbavu ni daktari wa upasuaji wa kifua, na hilo “upasuaji” halina ruhusa ya kuachwa. Neno “bingwa” haliwezi kukaimu nafasi yake, maana linataja kiwango cha elimu, halitaji kazi.

Ambacho mwenzako hakukigusa ni “kupasua”, nami ndiko ninakoona kasoro kubwa zaidi. Tunapasua kuni, tunapasua mbao, tairi linapasuka. Nyumbani tumelizoea: “Mama Asha kapasuliwa jana,” na hakuna anayeshtuka. Lakini habari yenyewe ilihusu kifua kisichopasuliwa! Zamani, ili kulifikia pafu, daktari alikata ngozi na misuli kutoka mgongoni kuzunguka ubavu, kisha akatanua mbavu kwa chuma. Mwaka 1933, mjini St. Louis, Marekani, Evarts Graham alifungua kifua akaondoa pafu zima la mgonjwa wa saratani. Mgonjwa huyo, daktari naye, aliishi hata Graham akamtangulia kaburini. Hapo “kupasua kifua” ni sawa kabisa. Miaka ya mwanzo ya 1990 kamera ikaanza kutumika kuondoa sehemu za pafu kupitia matundu kadhaa, na mwaka 2010 Diego González Rivas, wa A Coruña nchini Hispania, akafanya kazi ya namna hiyo kupitia mkato mmoja tu. Kuziita kazi hizi za kamera kupasua ni sawa na kusema fundi saa amevunja saa ili aitengeneze.

Jirani yangu aliporudi kutoka hospitali alinionyesha plasta tatu chini ya kwapa, moja ikiwa pale ulipokuwa mpira wa kutoa maji na hewa. “Nilijiandaa kupasuliwa,” akaniambia, “kumbe wamenitoboa tu.” Hakusoma isimu, lakini kitenzi alikipata. Hospitalini wanasema upasuaji wa matundu madogo, na tundu limekaa vizuri: shimo huchimbwa, tobo huletwa na uchakavu au ajali, tundu lina kazi yake, kama tundu la sindano au la ufunguo. Ila hilo “tundu moja” la gazeti nina shaka nalo. Huwa na urefu wa sentimita tatu au nne, na kipande cha pafu hutolewa humo kikiwa ndani ya mfuko. Tundu la kupitisha mzigo wa namna hiyo mimi naliita mkato.

Sasa kubadilishana. Hoja ya viatu haisimami. Tunabadilishana mawazo tangu zamani na hakuna aliyerudi nyumbani kichwa kitupu. Kosa liko kwenye -ana. Kiambishi hicho kinadai pande mbili zitende: wanaopigana wote wanapiga, wanaosalimiana wote wanatoa salamu. Kwa maelezo yako, mmoja alifanya na wengine walitazama. Hao hawakubadilishana kitu, walionyeshwa. Siyo aibu kuonyeshwa, na González Rivas mwenyewe amezunguka nchi nyingi akifanya upasuaji mbele ya wenyeji wake. Wangeketi baadaye, wenyeji nao wakamweleza jinsi wanavyoshughulika na mapafu yaliyoshikana na ukuta wa kifua kwa sababu ya TB ya zamani, hapo -ana ingepata haki yake. Na kama ni mbinu ya mkono inayopokelewa, neno ni ujuzi. Uzoefu unatokana na kuzoea, na hakuna wa kukuzoelea. Mwenzako anaweza kukusimulia wake, wako utautafuta mwenyewe.

Mimi ningeandika: “Madaktari bingwa wa upasuaji wa kifua waonyeshwa namna ya kuondoa sehemu ya pafu kwa mkato mmoja.” Mhariri akilalamika kuwa ni kirefu, afute “bingwa”. Hakuna msomaji atakayedhani kazi hiyo waliitiwa wauza dawa.