Maswali yenu: Marekani ya viwanda, wana mageuzi wake na visiwa vya watu

Maswali kuhusu Marekani ya miaka ya 1890 mpaka 1912 hivi, wana mageuzi wake (watu waliodai sheria za kuwalinda wanyonge) na jinsi ilivyochukua Ufilipino yamekuwa mengi, nimechukua machache, mengine yanafanana kwa hiyo nimeyaunganisha.

Nchi inaingiza hela kiasi kile, mageuzi ya nini tena?

Hela ilikuwepo ila mifukoni mwa wachache. Chukua New York, Machi 25, 1911, kiwanda cha Triangle cha kushona blauzi, jumamosi jioni watu wanakaribia kutoka, moto ukaanza ghorofa ya 8, walioko ya 9 wakakimbilia mlango wakakuta umefungwa, maana matajiri wao walikuwa wanahofia wafanyakazi wataiba vitambaa, zimamoto wakaja fasta tu ila ngazi yao inaishia ghorofa ya 6. Wakafa watu 146, wengi mabinti wahamiaji, Wayahudi na Waitalia, na wapo waliojirusha madirishani huku umati umesimama barabarani unaangalia. Wenye kiwanda wakashtakiwa, wakaachiwa!! Ila jimbo likaunda tume, tume ikapita viwandani, zikatungwa sheria kibao za milango na vyoo na masaa ya kazi. Kwenye ule umati alikuwepo dada mmoja Frances Perkins, huyo ndo mwaka 1933 akawa waziri wa kazi, mwanamke wa kwanza kule kupewa uwaziri.

Eti sheria ya nyama ililetwa na riwaya?

Ilichangia sana. Upton Sinclair aliandika kuhusu machinjio ya Chicago, riwaya ikatoka 1906, yeye lengo lake watu wawaonee huruma wafanyakazi, wasomaji wakaishia kupata kichefuchefu kwa habari za soseji zenye panya. Juni ya mwaka huohuo rais Theodore Roosevelt akasaini sheria ya ukaguzi wa nyama na ya vyakula na dawa. Wafanyakazi wa machinjio hawakuambulia kitu.

Na watoto viwandani?

Sheria ya taifa zima ya kuzuia ajira zao ilipita 1916, mahakama ya juu ikaifuta 1918, watu wakasubiri nyingine mpaka 1938.

Si walienda Ufilipino kuwakomboa na Mhispania? Imekuwaje tena wakapigana nao?

Hapa pana mambo. Wafilipino walishaanza kupigana na Mhispania wenyewe, Juni 1898 kiongozi wao Emilio Aguinaldo akatangaza uhuru kabisa, sasa Desemba Marekani na Hispania wakakaa Paris wakaandikiana mkataba, Mmarekani anatoa dola milioni 20 anachukua visiwa, Wafilipino wenyewe hawakupewa hata kiti mezani. Februari 1899 vita ikawaka. Wanajeshi wa Marekani zaidi ya 4,000 walikufa, ila raia wa kule wanakadiriwa hadi laki 2, risasi, njaa na kipindupindu vyote pamoja. Halafu kinachonishangaza mimi, 1901 wakati mapigano bado yanaendelea ikatia nanga Manila meli Thomas imeshusha walimu kama 500 wa kufungua shule. Na naamini wengi wao walienda kwa moyo safi kabisa, ndo ugumu wa hii historia ulipo. Uhuru wakaupata 1946.

Hao watetezi wa wanyonge walikuwa wapi wakati hayo yanatokea?

Waligawanyika, tena sio kama unavyodhani. Jane Addams wa Hull House, nyumba ya kusaidia maskini na wahamiaji kule Chicago, alipinga, mwandishi Mark Twain alipinga, tajiri Andrew Carnegie naye alipinga. Seneta Beveridge wa Indiana yeye alitaka visiwa vichukuliwe vyote, na ndo huyohuyo baadaye akapigania sheria ya nyama na ya kuzuia ajira za watoto! Seneta Tillman wa South Carolina alipinga kuchukua Ufilipino, usimpigie makofi, alikuwa hataki watu wasio weupe waongezeke. Kwao kusini Mweusi alikuwa ananyimwa kura na kuuawa na magenge, na wengi wa hao wana mageuzi walikaa kimya.

Huyo Roosevelt ndo yule aliyekuja Kenya kuwinda?

Ndo yeye. Alitoka madarakani Machi 1909, Aprili akashuka Mombasa na mwanae Kermit, reli ya Uganda akapanda amekaa kwenye benchi mbele ya injini anaangalia wanyama. Wawili hao waliua wanyama zaidi ya 500, vingi vikapelekwa makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Aliporudi akagombea tena 1912 kwa chama kipya, ahadi zao kura kwa wanawake na marufuku ya ajira za watoto, na Addams yuleyule aliyepinga vita ya Ufilipino akasimama kwenye mkutano wa chama kumuunga mkono. Mkutano huohuo uliwakatalia wajumbe Weusi wa majimbo ya kusini kushiriki, Addams akalalamika, ila hakutoka. Uchaguzi wenyewe akashinda Woodrow Wilson wa chama cha Democratic.