Kuuliza kwa adabu kwa Kifaransa: adabu imo kwenye kitenzi

Wengi wanaoanza Kifaransa huamini kwamba adabu yote imo ndani ya s'il vous plaît, yaani "tafadhali". Wanaibandika mwisho wa kila sentensi, kisha wanashangaa wakijibiwa kwa ubaridi. Lakini Je veux un renseignement, s'il vous plaît bado ni "nataka maelezo", na wewe mwenyewe unajua "nataka" inavyosikika ukimwambia mtu usiyemjua. Kwa Kiswahili ungesema "naomba" na mambo yangekwisha. Kifaransa cha kila siku hakina neno moja linalobeba mzigo huo; mzigo umewekwa kwenye umbo la kitenzi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujajifunza kugeuza maneno ya swali huku na huku, jifunze conditionnel, yaani umbo la kitenzi la "ningependa" na "ungeweza".

Umbo lenyewe si gumu. Unachukua shina la wakati ujao, unaliongezea viishio vya imparfait, wakati uliopita wa "nilikuwa nafanya": -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Vouloir (kutaka) inakuwa je voudrais, pouvoir (kuweza) inakuwa vous pourriez, avoir (kuwa na) inakuwa vous auriez, savoir (kujua) inakuwa vous sauriez, être (kuwa) inakuwa ce serait. Sisi wa Kiswahili tunao mtaji hapa, kwa sababu -nge- ya "ningependa" inafanya kazi ileile ya kulainisha ombi. Vitenzi hivyo vitano vinatosha kwa miezi yako yote ya mwanzo. Usikariri jedwali zima la vitenzi hamsini; utachoka bure.

Angalia matamshi. Vous pouvez ni "mnaweza" au "unaweza" ya heshima, vous pourriez ni "ungeweza", na katikati yake amejificha vous pouviez, ambayo ni "ulikuwa unaweza". Kinachobeba adabu ni ile r. Ukiimeza, msikilizaji hataikuta adabu uliyoikusudia.

Sasa, kabla ya kitenzi chochote, kuna bonjour, na jioni bonsoir. Nchini Ufaransa mtu anayeuliza swali bila kusalimu anahesabiwa hana adabu, hata kama sentensi yake imejaa conditionnel. Haitarajiwi salamu ndefu kama tulivyozoea sisi, ya habari za nyumbani na za watoto. Bonjour moja, pumzi fupi, kisha swali. Ukimkatiza mtu kazini kwake, ongeza excusez-moi de vous déranger, "samahani kwa kukusumbua".

Tuje kwenye muundo wa swali. Vitabu vinafundisha aina tatu: sauti kupanda (Vous avez un stylo ?), est-ce que (Est-ce que vous avez un stylo ?), na kugeuza kiima na kitenzi (Avez-vous un stylo ?). Kisha vinasema kwamba ya tatu ndiyo ya heshima zaidi, na mwanafunzi anahangaika nayo wiki nzima. Mimi nasema usihangaike. Kugeuza ni alama ya urasmi, hasa kwenye maandishi, na urasmi na adabu havifanani. Est-ce que vous pourriez m'aider ? ni laini kuliko Pouvez-vous m'aider ?, ingawa ya pili ndiyo iliyogeuzwa. Vous pourriez m'aider ?, kwa sauti ya kupanda tu, inafaa kabisa dukani au mapokezi.

Hata hivyo mitego ya kugeuza uijue, maana utaisoma kila mahali. Kitenzi kikiishia na irabu kabla ya il, elle au on, -t- inaingia katikati: Y a-t-il une place libre ? Kiima kikiwa nomino, nomino inabaki mahali pake na kiwakilishi kinarudia nyuma ya kitenzi: Le directeur est-il là ? Na kwa je, husemi kamwe peux-je. Unasema puis-je, au kwa upole zaidi, pourrais-je.

Kuna jambo linalotuponza sisi hasa. Kiswahili huweka kiulizi mwishoni: "Unakwenda wapi?", "Hii ni nini?" Kifaransa nacho kinaruhusu Vous allez où ? na C'est quoi ?, kwa hiyo tunaona raha na kuzitumia kila mahali. Hayo ni maswali ya watu waliozoeana. Kwa mgeni au mkubwa wako kazini, anza na kiulizi: Où est-ce que vous allez ? Na Vous êtes qui ? iache kabisa. Kwenye simu, anayetaka kujua ni nani anapiga huuliza C'est de la part de qui ? Vilevile, usipomsikia mtu, usiseme Quoi ?; sema Pardon ?, au Pardon, vous pourriez répéter ?

Mahali ambapo hata wanafunzi wa muda mrefu huteleza ni swali lililowekwa ndani ya sentensi nyingine. Ukishasema Pourriez-vous me dire… au Je voudrais savoir…, umekwisha kuuliza. Kinachofuata hakiwi tena na umbo la swali: est-ce que inatoka, na kiima kikiwa kiwakilishi kinarudi mbele ya kitenzi. Comment est-ce que ça marche ? inakuwa Pourriez-vous me dire comment ça marche ? Où est-elle ? inakuwa Savez-vous où elle est ? Swali la ndiyo au hapana linachukua si ya Kifaransa, yaani "kama": Je voudrais savoir si le bureau est ouvert. Qu'est-ce que inageuka ce que, na qu'est-ce qui inageuka ce qui: Pourriez-vous m'expliquer ce que je dois faire ? Viulizi vingine, yaani quand, pourquoi, combien, vinabaki vilivyo. Na sentensi inayoanza na Je voudrais savoir huishia na nukta, si alama ya kuuliza, kwa sababu kisarufi ni taarifa.

Hapo kwenye si hii ya "kama" utakutana na mwalimu atakayekukataza kuifuatisha na conditionnel. Ana haki pale si inapokuwa ya sharti: si vous pouviez, si vous aviez, kamwe usiseme si vous pourriez. Lakini Je voulais savoir si vous pourriez venir ni sahihi, kwa kuwa si hii ni ya swali, haina sharti lolote. Na umeona je voulais? Kurudisha ombi kwenye wakati uliopita ni njia nyingine ya kulipunguzia makali, ingawa unataka kujua sasa hivi.

Kuhusu tu ("wewe" ya watu waliozoeana) na vous ("wewe" ya heshima), mtu mzima usiyemjua ni vous, basi. Mwache yeye apendekeze On peut se tutoyer ?, yaani muitane tu. Ukishachagua moja, sentensi yote iifuate: vous inakwenda na votre na s'il vous plaît, tu inakwenda na ton na s'il te plaît. Vous pouvez me donner ton numéro ? inachekesha.

Usizidishe pia. Auriez-vous l'amabilité de me passer le sel ? ("ungekuwa na wema wa kunipitishia chumvi?") kwa rafiki yako itachukuliwa kuwa kejeli. Na kwenye barua, veuillez ina sura ya heshima lakini ni amri. Kwa mkubwa wako andika Pourriez-vous…, au Je vous serais reconnaissant de bien vouloir…, na mwanamke aandike reconnaissante.

Limebaki la majibu. Wafaransa hupenda kuuliza kwa kukanusha: Vous n'auriez pas un stylo ? ni ombi la upole, halilaumu mtu. Sisi, tukiulizwa "Huna kalamu?", tunaweza kujibu "Ndiyo, sina." Kwa Kifaransa, usipokuwa nayo jibu ni non, na ukiwa nayo ni si, ambayo hapa ni "ndiyo" ya kujibu swali la kukanusha, siyo oui: Si, tenez. Swali la ça vous dérange hugeuza mambo kwa namna nyingine. Ukiuliza Ça vous dérange si j'ouvre la fenêtre ? ("itakusumbua nikifungua dirisha?") na mwenzako akajibu Non, allez-y, usirudi kukaa ukidhani umekataliwa. Fungua dirisha.