Kabla hujamtumia mhariri hadithi yako, uliza tarehe

Mkusanyiko wetu wa hadithi fupi za kisayansi umetoka hatimaye. Tangu tuuzindue hapa Kisumu, waandishi chipukizi wananiuliza: nikitoa hadithi yangu, nitajuaje kwamba haitakaa kabatini miaka na mikaka? Hutajua. Ila unaweza kuhakikisha kwamba ikikwama, wewe hukwami nayo.

Nilipokabidhiwa kazi ya kuuhariri mkusanyiko huu, mchapishaji wa kwanza alikuwa ameshafunga biashara. Miswada ilianza kukusanywa mwaka 2015, na makubaliano yote yalikuwa barua pepe fupi: hadithi imekubaliwa, ahsante. Hapakuwa na tarehe wala malipo. Waandishi hawakujua kama wanaruhusiwa kupeleka kazi zao kwingine, basi wakanyamaza, na hadithi nzuri zikalala.

Kwa hiyo dai jambo hili liandikwe kwenye mkataba: kitabu kisipotoka kufikia tarehe fulani, haki zote zinamrudia mwandishi bila hata kuomba. Miezi 24 inatosha. Mhariri akikasirika kwa kuombwa hivyo, tafuta mwingine.

Haya hayakutupata sisi peke yetu. Kule Marekani, Harlan Ellison alihariri mikusanyiko miwili iliyovuma, wa 1967 na wa 1972, kisha akaahidi wa tatu, The Last Dangerous Visions. Alifariki mwaka 2018 kabla haujatoka. Ni J. Michael Straczynski, msimamizi wa mirathi yake, aliyeukamilisha ukachapishwa mwaka 2024. Kufikia hapo waandishi wengi walikuwa wamefariki, na wengine walikuwa wamekwisha kuziondoa hadithi zao. Huniuma sana kuwafikiria waliokabidhi kazi zao ujanani wakazikwa bila kuziona kitabuni.

Nasi tulifiwa na mwenzetu mmoja. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufa, kwa hiyo ruhusa ilikuwa mikononi mwa familia. Sikuwa na namba ya mtu yeyote wa kwao. Baada ya kuulizauliza sana nilimpata dada yake mjini Ahero, nikampelekea mswada uliopigwa chapa. Alisoma ukurasa wa kwanza, unaosimulia magugumaji ya Ghuba ya Winam yaliyojifunza kuzikwepa mashua, akaniuliza kama kuna hadithi nyingine za kaka yake. Hakujua kwamba alikuwa akiandika. Tangu siku hiyo, kila mkataba ninaouandaa una nafasi ya jina na simu ya mrithi.

Hadithi za kisayansi zina shida nyingine: dunia huzifikia. Mwenzetu mmoja alibuni ndege zisizo na rubani zinazopeleka damu hospitalini. Mwaka uliofuata, 2016, Rwanda ikaanza kufanya hivyo hasa. Alitaka kuiandika upya, nikamsihi aiache. Tuliweka mwaka wa kuandikwa chini ya kila hadithi, na msomaji akiona 2015 anajua nani alitangulia. Ukiirekebisha ilingane na leo, unaua ubunifu wenyewe.

Na kama tayari una hadithi iliyokwama mahali, usingoje kuitwa. Mwandikie mhariri leo, utaje kichwa cha hadithi na mwaka ulioituma, umpe siku 30 za kujibu, useme wazi kwamba akinyamaza unaiondoa. Jiwekee nakala ya barua hiyo. Mchapishaji mwingine atataka kuiona.