Kabla hujachapa lebo za "jibini la milimani", pumba unatoa wapi?

Mkuu simama hapo hapo, mpigie huyo wa lebo sasa hivi asichape. Umeuliza neno "la milimani" likae juu ya picha au chini, rangi gani inauza, uongeze "kilimo endelevu" pembeni au uache, na soko la nje linapatikanaje. Maswali yote hayo na hakuna hata mstari mmoja unaosema ng'ombe wako wanakula nini!! Hapo ndo tuliponyolewa sisi, bila maji.

Kikundi chetu kiko juu kabisa, ukungu mpaka saa nne asubuhi, nani angebisha kwamba hatuko mlimani? Tukamleta mshauri wa masoko, jamaa wa laptop na maneno mengi, akatuambia wekeni mlima, wekeni na jani la kijani, neno "mlimani" halina mwenyewe. Halina mwenyewe! Na ada yake alichukua kabla ya chai. Basi tukachapa lebo, tukachapa na vifungashio, maneno yameingia kwenye plastiki yenyewe, halafu akaja mnunuzi anayepeleka Ulaya. Jibini hakuonja hata kipande, akaomba daftari la chakula cha ng'ombe. Tukampeleka kuona malisho. Akasema malisho nimeyaona, mazuri, naomba daftari. Tulichokuwa nacho ni risiti za pumba na mashudu, na zote za tambarare.

Sasa sikia, kule neno lina mwenyewe. "Bidhaa ya milimani" Umoja wa Ulaya waliliweka kwanza kwenye kanuni namba 1151 ya 2012 (tangu 2024 nafasi yake imechukuliwa na kanuni 1143 ya 2024), vigezo vyake vikaja kwenye kanuni 665 ya 2014, na bidhaa ya nchi ya nje nayo inaweza kulitumia kama eneo linatambulika kuwa la milima na vigezo vimetimia. Kwa wanyama wanaocheua, chakula kisichotoka mlimani kisizidi asilimia 40 ya chakula cha mwaka mzima, na wanahesabu uzito mkavu, sio magunia kwa mizigo ya majani. Hapa ndo watu wanajidanganya maana majani mabichi sehemu kubwa ni maji, ukiyatoa hayo maji kwenye hesabu mashudu yanapanda ghafla unabaki unashika kichwa, na sisi kiangazi ng'ombe walikuwa wanaishi kwa magunia kabisa. Ng'ombe yuko mlimani, tumbo lake liko bondeni, hahaha. Nacheka leo. Siku ile mnunuzi kaondoka, vifungashio havikwanguliki, wanachama wakaanza kuulizana nani alimleta yule mshauri na wengine wakajitoa mpaka leo hawajarudi. Yeye simu hapokei, nasikia yuko kwa kikundi kingine anawauzia lilelile jani la kijani.

Kwa hiyo shika hili moja tu hata kama mengine utayasahau: neno lisilo na karatasi usilichape. Kila gunia linaloingia bandani liandikwe limetoka wapi na kilo ngapi, mwaka mzima, ndo uongee habari za rangi.

Halafu jibini linatengenezwa wapi? Usindikaji nao unatakiwa uwe mlimani. Kiwanda cha maziwa kilicho nje ya eneo wanaweza kukikubali kikiwa ndani ya kilomita 30, ila kiwe kilikuwepo tayari tarehe 3 Januari 2013, sasa kama unajenga kipya bondeni kisa umeme ni wa uhakika, ujue neno umeliacha njiani. (Wale wa asali mnaosoma kimyakimya: nekta na chavua lazima zitoke milimani tu, sukari ya kulishia nyuki ndo hawaulizi imetoka wapi. Usiniulize kwa nini.)

Hiyo "endelevu" ifute. Kigezo cha mlimani kinasema mahali, hakisemi dawa gani unapulizia. Ukitaka kilimo hai (kile cha bila dawa na mbolea za viwandani) ni cheti kingine, kwa kanuni za Ulaya malisho yanakaa kipindi cha mpito, yaani unafuata masharti kabla hujaruhusiwa kuandika neno hilo, miaka 2, mazao ya kudumu kama miti ya matunda miaka 3, na kumbukumbu tena. Kama kikundi ni kidogo ada za ukaguzi zitawaua, ulizieni ukaguzi shirikishi kwa soko la ndani, wazalishaji na wanunuzi mnakaguana wenyewe. Pia Mountain Partnership, ushirika wa kimataifa wa maeneo ya milima ambao ofisi yake iko FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), wana lebo ya simulizi, inamweleza mnunuzi bidhaa imetoka wapi na imetengenezwaje. Nayo ukiandika uongo ni uongo tu.

Soko la nje uliuliza nini vile? Tutarudi huko. Kwanza weka hapa chakula cha ng'ombe cha mwezi huu, kilo na kilikotoka, tupige hesabu ya uzito mkavu pamoja kabla huyo jamaa wa lebo hajawasha mashine.