Ukoo umesema nitoe figo

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mdada wa miaka 31 niko Tabora, nina watoto wawili na natamani wa tatu. Kaka yangu figo zote zimefeli, yuko Dodoma anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na hela imeisha kabisa. Ukoo umekaa kikao wakasema mimi ndo nimtolee maana wote ni grupu O na mimi ndo mzima. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema ntakuwa mlemavu na sitazaa tena. Kaka nampenda ila naogopa, na nikikataa ntaonekana nimemuua. Na zile figo zake mbovu zinatolewa?

JIBU: Marahaba dada, poleni na mgonjwa. Nianze na hicho kikao maana naona ndo kimekulemea. Ukoo unaweza kuomba, kuamua hauwezi. Kabla ya yote timu ya hospitali inatakiwa ikuite peke yako, bila kaka wala shangazi, ikuulize kama umekuja kwa hiari yako, na ukiwaambia hapana wao wenyewe wanawaambia ndugu kwamba hufai kuchangia, basi, siri yako inabaki kwao. Hata siku ya oparesheni, kabla hujalazwa usingizi, unaruhusiwa kughairi. Mi naona hilo ulijue kwanza ndo uendelee kusoma.

Sasa hiyo grupu O ni mlango wa kwanza tu. Wanaangalia pia vinasaba vya kinga, ndugu wa baba mmoja mama mmoja mna nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana kabisa na 1 kati ya 4 ya kutofanana hata kidogo (na msipofanana bado inawezekana, dawa za siku hizi zina nguvu). Kikubwa zaidi ni kuchanganya damu zenu maabara waone kama kinga ya kaka inazishambulia seli zako, na kama ameshaongezewa damu mara nyingi hapo panaweza kuleta shida. Halafu wanakugeukia wewe: presha, sukari, protini kwenye mkojo, homa ya ini, HIV, picha ya CT ya mishipa ya figo. Wengi wanaishia hapa, tena wanaonekana wazima kama wewe.

Ukipita, mara nyingi inachukuliwa figo ya kushoto kwa sababu mshipa wake ni mrefu, rahisi kuunga. Za kaka kwa kawaida haziguswi, mpya anawekewa chini tumboni karibu na nyonga, kwa hiyo anatoka na figo tatu! Wewe unalazwa siku chache, ila ndoo za maji na kuni usahau kama wiki sita hivi. Figo inayobaki inatanuka na kubeba kazi, ulemavu hakuna. Lakini sikudanganyi kwamba hakuna hatari, vifo vya wachangiaji vipo, kama 3 kwa kila 10,000.

Mtoto wa tatu? Wanawake wengi wanazaa baada ya kuchangia, ila uwezekano wa presha ya mimba, ile ya kifafa cha mimba, unapanda kiasi, ndo maana mwambie daktari mapema, na wengine wanashauri uzae kwanza. Mumeo nenda naye kliniki akaulize mwenyewe.

Na kaka akishapandikizwa hajapona moja kwa moja, atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo maisha yake yote. Wapo wanaojisikia vizuri wakaziacha na figo ikafa. Kwa hiyo huo ukoo ukae kikao kingine, cha hela ya dawa. Upandikizaji wenyewe upo hapa hapa nchini, Muhimbili walianza Novemba 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma Machi 2018.

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Niko Mombasa, nataka nikifa macho yangu apewe kipofu. Dini yaruhusu? Na mazishi yatachelewa?

JIBU: Waalaykumu salaam kaka. Kinachopandikizwa ni konea tu, kile kioo cha mbele, na kinamsaidia aliyeharibika kioo hicho, sio kila kipofu. Baraza la Fiqhi (sheria za dini) la nchi za Kiislamu lilikubali mwaka 1988, kwa ruhusa ya marehemu au warithi na bila kuuza, ila kaa na sheikh wako. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inakuruhusu kuandika kwenye wasia au karatasi yenye mashahidi wawili. Waambie watu wa nyumbani mapema, kwa sababu inabidi ichukuliwe ndani ya saa chache baada ya kufa, na wao ndo watakaopiga simu. Kazi yenyewe haifiki saa moja, uso haubadiliki, na mazishi yanaendelea siku ile ile.